Bustani ya Floribert hainunuliwi: maneno yetu baada ya salongo kando ya ziwa, Goma, tarehe 6 Julai 2024



Salongo ya leo imekwisha. Tumeokota chupa, sashe na viatu vilivyochanika, na sasa kipande hiki kinaonekana vizuri: mawe meusi ya Nyiragongo, miti mitatu, na njia ile bamama wanapitia kila asubuhi na bidoni zao. Angalieni kushoto, ni ukuta. Angalieni kulia, ni ukuta. Kutoka hapa mutu anaweza kutembea muda mrefu kando ya ziwa Kivu bila kuona maji, kwa sababu mbele yake kuna hoteli na nyumba za bakubwa. Mutoto wa Goma anazaliwa karibu na ziwa, na anakomaa akilichungulia kupitia tundu la ukuta.

Wiki tatu zilizopita tulikuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimepigwa hapa. Tuliuliza ni vya nani. Kila mutu alituambia tuulize kwingine. Wote tunajua vigingi vinamaanisha nini katika muji huu. Kwanza vigingi, kisha lori la mawe, kisha ukuta, kisha karatasi yenye muhuri.

Ndiyo sababu tumekuja kusema jina moja hapa: Floribert Bwana Chui.

Kesho itatimia miaka 17 tangu atekwe. Alizaliwa hapa Goma mwaka 1981. Alisoma, akapata kazi OCC, ofisi ya leta inayokagua bidhaa. Baada ya kazi alikuwa mtu wa kujitolea katika jumuiya ya Sant'Egidio, pamoja na batoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo, kuwafundisha na kukaa nao kama ndugu. Kazini walimletea pesa ili aache chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa. Walimsukuma, akakataa tena. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, na siku mbili baadaye mwili wake ukapatikana. Alikuwa na miaka 26. Mwezi Februari 2023, Papa Fransisko alipoongea na vijana ku Kinshasa, alimtaja Floribert mbele ya uwanja mzima. Ulimwengu unamujua. Sisi wa muji wake tuonyeshe nini?

Tunapendekeza kipande hiki kiwe bustani ya watu wote na kibebe jina lake.

Tunajua swali mulilo nalo, kwa sababu sisi wenyewe tumelijadili usiku mzima. Vita iko mlangoni. Tarehe 3 Mei mabomu yalianguka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, Mugunga na Lac Vert, yakaua bamama na batoto. Watu wanalala chini ya sheeting. Na ninyi munaongea bustani?

Ndiyo, tunaongea bustani, na tunasema hivi. Wale batoto wa kambini wanakuja kuchota maji ku ziwa hili hili, na baada ya kuchota wanacheza dakika kumi kwenye mawe haya. Pakifungwa hapa, bidoni itabebwa mbali zaidi, na mwenye kuibeba ni mama au mutoto, si mwenye ukuta. Tena vita haikuzuia wenye vigingi. Wanajenga wakati sisi tunakimbia mabomu, kwa sababu wanajua hakuna mutu anayeangalia.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 53, inasema ardhi ni mali ya leta, na haiuzwi. Kifungu cha 55 kinaongeza kwamba ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haipewi mutu kabla haijaondolewa huko kwa utaratibu. Katiba ya 2006, nayo katika kifungu cha 53, inampa kila mutu haki ya mazingira yenye afya.

Tulipeleka dosie yetu kwenye biro moja ya leta. Picha, ramani tuliyochora, sahihi za watu wa kartie, vyote vilikuwamo. Aliyetupokea alisoma, akatabasamu, akasema: "Dosie yenu iko muzuri, batoto. Lakini dosie haina miguu. Mulete ya transport."

Tulitoka nje, tukahesabu mifukoni. Tuseme ukweli: pesa ile tungeweza kuichanga. Mmoja wetu alisema, "Tumupe tu, ni juu ya kazi nzuri." Tukanyamaza. Kisha mwingine akauliza: tutaandikaje jina la Floribert kwenye kibao kilichofika hapo kwa matabishi? Hatukulipa. Dosie ingali pale.

Basi hili ndilo neno letu la leo. Mkono unaopokea pesa ili mchele uliooza upite ndio mkono unaopokea pesa ili pwani ifungwe. Kumupa Floribert bustani iliyonunuliwa kwa njia hiyo ni kumuua mara ya pili. Heri tungoje.

Na tusijisifu. Wengi wetu tuna diploma na hatuna kazi. Ni rahisi kukataa rushwa wakati hakuna mutu anayekuletea. Floribert aliletewa, akiwa na mshahara, meza na maisha mbele yake. Kama kesho mmoja wetu atapewa meza ile, mumukumbushe mahali hapa.

Tunaomba haya:

1. Mukubwa meya atume watu wa kupima, mipaka ya kipande hiki iandikwe, na watu wa kartie wajulishwe nani aliomba parseli hapa.

2. Kipande kiandikwe kuwa ardhi ya watu wote, chenye jina la Floribert Bwana Chui.

3. Kuingia kuwe bure, na njia ya maji isifungwe hata siku moja. Bustani ya mutu aliyewapenda maibobo haiwezi kuwa na mlinzi anayewafukuza maibobo.

Sisi kwa upande wetu tutafanya salongo hapa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Tutarudi ku biro ile kila wiki kuuliza dosie yetu, kwa heshima, mikono mitupu. Vigingi hatutaving'oa usiku kama wezi. Tumeviandika, tumevipiga picha, na tunataka aliyeviweka aje avieleze mchana mbele ya watu.

Munaorudi nyumbani sasa, pitieni njia ya maji. Njia ambayo watu wanaipita kila siku ni vigumu kuifunga.

Ziwa ni la wote.