Dumuzi Ndani ya Kihenge: Dalili Zake na Namna ya Kumzuia



Katika vyama vingi vya msingi kuna desturi ya kuyahesabu mavuno siku yanapopita mizani, na kuyasahau yale yaliyobaki nyumbani kwa mkulima. Daftari la chama halina safu ya mahindi yaliyo darini. Hata hivyo ni hayo ya darini yanayoamua kama mwanachama atalipa mkopo wa mbolea kwa wakati, au atauza mbuzi wake mwezi wa Januari kwa bei ya kutupa ili watoto wapate ugali. Kwa sababu hiyo mazungumzo haya yanaacha kando mizani na hesabu, yanamshughulikia mdudu mmoja aingiaye nyumbani bila kubisha hodi. Mdudu huyo ni dumuzi.

Dumuzi si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Wakulima wa Mkoa wa Tabora walianza kumlalamikia mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 wataalamu wakathibitisha kwamba huyu ni mgeni. Yadhaniwa kuwa alikuja pamoja na nafaka iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Wakulima hawakungojea jina la kitaalamu. Walimwita Scania, jina la malori makubwa, kwa jinsi alivyokuwa akisomba mahindi. Mwaka 1983 alikwisha kuonekana Taveta, nchini Kenya, na mwaka 1984 akagunduliwa Togo, upande wa pili wa bara.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba mdudu huyu alijipenyeza katika miaka ile ambayo vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa, yaani tangu 1976 mpaka sheria mpya ya 1982 ilipovirudisha. Haitakuwa haki kudai kwamba vyama vingemzuia mpakani. Lakini habari ya mdudu mgeni husafiri polepole mahali ambapo wakulima hawana mkutano wao wa kuulizana, naye dumuzi hakungoja mkutano.

Sasa dalili zake. Jambo la kwanza ni kumtofautisha na fukusi, ambaye wazee wamemzoea tangu zamani. Fukusi ana mdomo mwembamba uliochongoka mbele kama mkonga mdogo. Dumuzi hana mkonga. Mwili wake ni mviringo kama kipande cha kijiti, una rangi ya kahawia iliyokoza, na urefu wake ni milimita 3 hadi 4 na kidogo. Akitazamwa kutoka juu kichwa hakionekani, kwa kuwa kimeinama chini ya mabega; na sehemu ya nyuma ni kama imekatwa kwa msumeno. Mwenye macho hafifu asisumbuke na mdudu mwenyewe, atazame unga. Fukusi hutoboa punje na kuacha vumbi kidogo. Dumuzi husaga. Mahali alipo kuna unga mwingi mweupe chini ya kihenge, juu ya boriti na katika mishono ya gunia, na mwenye nyumba anayeufagia kila asubuhi bila kujiuliza umetoka wapi, anafagia chakula chake mwenyewe.

Hatari ni kwamba unga huo hauonekani mapema endapo mahindi yamehifadhiwa na maganda yake. Mdudu huanzia chini ya muhindi, kwenye kikonyo, hupita ndani ya gunzi, kisha huzifikia punje kutoka upande wa ndani. Kwa nje muhindi ni mzima, wa kupendeza kabisa. Njia ya kumjua ni kuchukua mihindi michache kila baada ya wiki mbili, kutoka juu, katikati na chini ya kihenge, kuimenya na kuivunja katikati juu ya kitambaa cheupe. Gunzi likimwaga unga, kazi ianze siku hiyo hiyo. Jike hutaga mayai ndani ya vijia anavyochimba, na joto na unyevu vikimfaa, yai huwa mdudu kamili katika muda usiotimia mwezi mmoja. Dume naye akishapata chakula hutoa harufu inayowaita wenzake, madume kwa majike. Hivyo wadudu watano wa Julai hawabaki watano.

Wako wanaosema kwamba hasara hiyo ni ya kawaida, kwamba mdudu naye ana fungu lake. Basi na tuhesabu. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kuwa mahindi yaliyokaa nyumbani kwa wakulima miezi mitatu hadi sita yalipungua uzito kwa wastani wa karibu asilimia 9, na palipokuwa pabaya zaidi yalipungua kwa asilimia 34. Tuchukue mwanachama aliyeweka magunia 10 ya kilo 100. Kwa wastani ule atapoteza kilo 90, karibu gunia zima. Kwa kile kiwango kibaya atapoteza kilo 340, ambazo ni madebe kama 19. Nyumba inayotumia debe moja kwa wiki imepoteza chakula cha miezi minne na zaidi, na miezi hiyo haikatwi mwanzoni, wakati kila mtu ana mahindi. Hukatwa mwishoni, mvua zimeanza, jembe liko mkononi na bei ya debe sokoni imepanda.

Wala hasara haiishii kwenye uzito. Punje iliyotobolewa haioti, na mwenye kutegemea mbegu yake mwenyewe atapanda matundu. Punje hiyo hiyo hufungulia mlango ukungu, na katika ukungu ndimo hutoka sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Ladha wala rangi ya ugali haikuwaonya, na kupika hakuiondoi.

Hapo huulizwa: mbona wazee walitundika mihindi juu ya meko, wakachanganya majivu, na mahindi yakadumu? Wazee hawakukosea. Moshi na majivu vilimpunguza fukusi, adui waliyekuwa naye. Dumuzi ni adui mwingine. Yeye hupenda hasa mahindi yaliyo katika gunzi, kwa sababu punje zimeshikamana na hazimtelezi anapochimba. Anastahimili pia nafaka kavu ambayo fukusi angeikimbia. Hutoboa makopa ya muhogo, na hujificha katika miti mikavu, nguzo na fito za kihenge chenyewe, akingojea msimu ujao. Kwa hiyo kutundika mihindi mizima, jambo lililokuwa busara, kwake ni karamu.

Njia ya kumzuia huanzia shambani. Mahindi yaliyokauka yasiachwe kusimama kwa majuma mengi, maana mdudu huruka na kuyafuata huko huko. Yakifika nyumbani yachambuliwe, yaliyotobolewa yatengwe, yaanikwe juu ya turubai au mkeka na siyo juu ya udongo mtupu, kisha yapukuchuliwe. Kupukuchua ndiko kulikosisitizwa na wataalamu tangu miaka ya 1980, na sababu yake imekwisha kuelezwa: punje zilizo huru humnyima mdudu mahali pa kujishikiza, na tena dawa ya unga hukifikia kila kipande. Ni kazi nzito, na katika nyumba nyingi huwaangukia akina mama peke yao. Chama kinachomiliki mashine ya kupukuchulia na kuikodisha kwa zamu kimewasaidia wanachama kuliko chama chenye saini nyingi kwenye kitabu cha wageni.

Kama mahindi yamekauka vya kutosha hujulikana kwa chumvi. Chukua chupa kavu, tia punje hadi robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga na kutikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi yangali mabichi, yarudi juani. Yakihifadhiwa hivyo, hata dawa nzuri haitayaokoa na ukungu.

Ghala lifagiwe kabla ya mavuno mapya kuingia. Mabaki ya mwaka jana yasisukumwe pembeni. Yaliwe, au yatolewe na kuchomwa pamoja na magunzi ya zamani. Nguzo zenye matundu na unga zibadilishwe. Panya nao huzuiwa kwa kuinua kihenge na kuvisha nguzo zake makoni ya bati.

Kuhusu dawa, ile iliyothibitika ni mchanganyiko wa viambato viwili, pirimifosi-methili na permethrini, unaouzwa kwa majina kama Actellic Super. Viambato ni viwili kwa sababu kimoja humdhibiti fukusi na cha pili humdhibiti dumuzi. Kipimo ni gramu 100 kwa gunia la kilo 90 hadi 100. Punje humwagwa juu ya sakafu safi, dawa hunyunyizwa juu, kisha hupinduliwa kwa koleo mara kadhaa kama fundi achanganyavyo saruji, hata kila punje ipate. Kumwaga dawa juu ya mdomo wa gunia na kushona ni kutupa fedha. Anayechanganya afunge pua na mdomo, anawe kwa sabuni, na muda wa kungojea kabla ya kula, ulioandikwa kwenye paketi, ufuatwe. Asiyeweza kusoma asomewe na karani pale pale kaunta.

Na hapa ndipo katibu ana dhima ya maisha ya watu. Stoo ya chama huweka chini ya paa moja dawa ya nafaka, dawa ya pamba na dawa ya tumbaku. Ile ya nafaka inapokwisha, mwanachama aliyekata tamaa huomba yoyote ile inayoua wadudu. Karani akimpa, au hata akinyamaza tu mwanachama akichukua mwenyewe, sumu ya shambani huingia katika chungu cha watoto. Dawa za kunyunyizia pamba na tumbaku hazina kiwango salama cha kuchanganywa na chakula, wala hazioshwi zikatoka. Vivyo hivyo vidonge vya kufukizia, vitoavyo gesi ya fosfini: hivyo ni vya ghala lililofungwa na mikono yenye kibali. Mtu akiviweka katika gunia lililo chumbani mwa kulala, familia yaweza isiamke. Dawa hizi zipangwe katika rafu mbalimbali, ziandikwe katika kurasa mbalimbali za daftari, na kila anayenunua aulizwe anaitumia kwa kazi gani.

Kwa mwenye kutaka kuepuka dawa kuna mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS, iliyobuniwa kwa ajili ya kunde nchini Kamerun na sasa yatumika kwa mahindi. Ina tabaka mbili za plastiki ndani ya mfuko wa nje. Wadudu waliofungiwa humaliza hewa wakafa. Sharti ni nafaka iwe kavu kabisa, hewa isukumwe nje, kila tabaka lifungwe peke yake, na mfuko usifunguliwe kila juma. Dumuzi anaweza kuitoboa plastiki, kwa hiyo mifuko isiegemezwe kwenye nguzo zenye mdudu. Bei yake huwashtua wengi, lakini mfuko usiotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja, na chama kikinunua kwa jumla bei hupungua.

Wataalamu walileta pia mdudu mwingine kutoka Amerika ya Kati anayemla dumuzi; aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Huyo husaidia kupunguza dumuzi wa porini, lakini hakuna mwenye kihenge atakayeokolewa naye.

Limebaki jambo la maagizo. Katika vyama vingi dawa ya nafaka huagizwa baada ya malalamiko, nayo hufika wakati unga umekwisha kujaa chini ya vihenge. Wanachama waliochoshwa na hali hiyo huuza mahindi yote wakati wa mavuno kwa bei ya chini, kwa kuwa hawana hakika ya kuyalinda, kisha hurudi kuyanunua kwa bei ya juu kutoka kwa mfanyabiashara yule yule. Kwenye vitabu mauzo hayo huonekana kama mavuno mazuri. Oda iliyopitishwa na bodi miezi miwili kabla ya mavuno, kwa hesabu ya paketi moja kwa kila gunia ambalo mwanachama ametaja kuwa atalihifadhi, ingeondoa sehemu kubwa ya hasara hiyo. Katibu atazame pia tarehe iliyopigwa kwenye paketi kabla ya kutia saini ya mapokezi, maana dawa iliyopita muda wake hupokelewa kwa risiti nzuri kama ile iliyo hai.

Mwisho ni magunia. Chama hupokea mahindi kutoka vijiji vingi, humwaga, kisha huyagawa magunia matupu kwa wanachama wengine. Gunia moja lenye unga katika mishono yake laweza kumpeleka dumuzi katika kijiji ambacho hakijamwona. Mwanachama aletaye mahindi yenye mdudu asifukuzwe, kwani atayarudisha nyumbani yakae karibu na ya jirani. Yapokelewe na kutengwa mbali na mengine mpaka yafukizwe na mwenye kibali. Magunia yake ya katani yatumbukizwe katika maji yanayochemka, yaanikwe juani hadi yakauke, ndipo yaandikwe tena katika daftari kuwa yanafaa kugawiwa.