Mtumishi wa Ibrahimu na barua ya prokirasio

Somo: Mwanzo 24:1-9 na 33-41



Leo nitasema juu ya karatasi. Najua wengine watasema mchungaji ameacha Neno, ameingia mambo ya serikali. Subirini kidogo.

Katika kusanyiko letu kuna mama mjane. Aliugua, ikabidi avuke mpaka kwenda kutibiwa Bujumbura. Kabla ya kuondoka alimwachia mpwa wake prokirasio, yaani barua ya uwakili, ili amwangalizie parsele yake yenye vyumba vinne vya wapangaji. Barua ilikuwa na mstari mmoja: kijana huyu asimamie mali yangu yote. Waliniletea baada ya ibada, watu wamenizunguka, nikatia sahihi kama shahidi. Sikusoma. Kijana alikuwa mwimbaji wa kwaya, mama alikuwa mwombaji, mimi nikaona karatasi ni desturi tu. Mama aliporudi baada ya miezi saba, alikuta mtu asiyemjua anajenga ukuta ndani ya parsele yake. Kijana alikuwa ameiuza na kuondoka mjini.

Tangu siku ile ninaisoma Mwanzo 24 kwa macho mengine.

Ibrahimu ni mzee. Hawezi tena kusafiri hadi kwa jamaa yake Mesopotamia, kwa hiyo anamtuma mtumishi wake, yule aliyetawala vitu vyake vyote. (Sisi wahubiri tunapenda kumwita Eliezeri, sura hii haimtaji jina.) Mtu huyu alikuwa tayari na madaraka juu ya mali yote. Lakini kwa jambo la mke wa Isaka, Ibrahimu hakumwambia nenda ufanye utakavyoona. Alimpa kazi moja. Alimwambia binti asitoke kwa Wakanaani, atoke katika jamaa yake. Alimkataza kumrudisha Isaka kule. Na mtumishi hakuona haya kuuliza itakuwaje kama mwanamke atakataa kumfuata. Akajibiwa kwamba hapo atakuwa amefunguliwa kiapo chake. Kazi, makatazo na mwisho wake, yote yalisemwa kabla ngamia hawajaondoka. Ibrahimu alimwamini mtumishi yule sana, na bado alisema naye waziwazi.

Kwetu tunasema: huyu ni ndugu katika Kristo, kumwandikia masharti ni kumtukana. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo.

Nilipomsindikiza mama kwa avoka, alisoma ule mstari mmoja akatikisa kichwa. Alitueleza kwamba sheria yetu ya mapatano, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo ingali inatumika, inasema hivi: prokirasio iliyoandikwa kwa maneno ya jumla inaruhusu kusimamia tu, kama kupokea kodi ya nyumba au kutengeneza bati linalovuja. Kuuza au kuweka rehani lazima kuandikwe wazi. Basi kijana hakuwa na ruhusa ya kuuza, na mnunuzi alitoa dola zake bila kusoma, kama mimi nilivyotia sahihi bila kusoma. Lakini mtu yuko ndani, ukuta umesimama, na kesi ni kesi.

Kwa hiyo wewe unayekwenda safari au hospitali, andika majina kamili ya ninyi wawili na namba za karte zenu. Andika kazi yenyewe: apokee kodi ya vyumba vinne, aiweke banki, asiuze, asipokee garanti ya mpangaji mpya bila kukuuliza. Andika siku inapoanza na siku inapoisha. Kama ni jambo la parsele, nendeni kwa notere, mtie sahihi mbele yake. Hati ya parsele usiikabidhi pamoja na barua. Mpokea kodi hana haja nayo. Na karatasi nyeupe yenye sahihi yako usimpe mtu yeyote, hata mimi. Yeremia alikuwa kifungoni aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, na bado aliita mashahidi, akaandika hati, akamwagiza Baruku aitie katika chombo cha udongo ili idumu. Soma Yeremia 32.

Na wewe uliyetumwa? Mtumishi alipofika kwa Labani aliwekewa chakula, akakataa kula mpaka aseme ujumbe wake, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba yeye ni mtumishi wa Ibrahimu. Alikuwa na ngamia kumi na dhahabu mkononi, lakini hakujifanya mwenye mali. Shika daftari. Sheria yenyewe inakudai hesabu, sembuse Mungu. Wachungaji wenzangu, mimi naona afadhali tusishike prokirasio za wajane. Na kama hakuna mtu mwingine, wazee wa kanisa waone daftari kila mwezi.

Jambo lingine linaleta vita katika jamaa zetu baada ya mazishi. Prokirasio hufa pamoja na aliyeitoa. Shemeji anayekwenda banki na karatasi hiyo siku ya pili ya matanga hakutumwa na mtu tena. Mali imekuwa ya warithi. Na ukiwa hai unaweza kuiondoa siku yoyote, lakini usimwambie yeye peke yake. Waambie wapangaji, iambie banki, na karatasi irudi mkononi mwako.

Mama yetu bado anakwenda tribinali. Mwezi ujao nimeitwa kutoa ushuhuda, na wataniuliza kama niliisoma barua ile. Mniombee.