Hati Safi na Daftari la Mapokezi

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Dodoma



Tuliombwa tuseme habari za ukaguzi wa fedha za elimu, nasi kwanza tulisita, kwa kuwa sisi si wakaguzi. Sisi ni makarani, watu wa kuandika hati ambazo mkaguzi huja kuzisoma. Lakini tulipofikiri sana tuliona kwamba hilo ndilo jambo lenyewe. Saruji inapoteremshwa shuleni, mkaguzi hayupo. Aliyepo ni karani, au mwalimu aliyefanywa karani, na mkaguzi hataona ila yale tuliyoandika.

Sheria twaijua. Ibara ya 143 ya Katiba ya mwaka 1977 yamwagiza Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu akague hesabu za Serikali angalau mara moja kila mwaka na kumpa Rais taarifa, kisha taarifa hiyo iletwe Bungeni, humu mjini mwetu. Hapo Kamati ya Hesabu za Serikali, na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, huwaita wakubwa wetu wajibu hoja. Mkaguzi mwenyewe hamfungi mtu. Silaha yake ni maneno. Na maneno yana uzito, kwani mwezi wa Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, kwa sababu ya neno "udhaifu" alilolisema juu ya Bunge. Hatuongezi la kwetu.

Sasa tulitazame neno tunalolipenda sote, yaani "hati safi". Halmashauri ikipata hati inayoridhisha, twapigiana makofi maofisini kana kwamba tumeambiwa hakuna senti iliyopotea. Sivyo. Hati hiyo yasema kwamba hesabu zilizofungwa, katika mambo yake makubwa, zaonyesha hali ya fedha kama ilivyo. Haisemi kwamba madawati yatosha, wala kwamba bati lililonunuliwa ni zuri. Mtu aweza kununua bati jepesi kwa bei ya bati zito, akaiandika bei ile sawasawa, na leja ikakubaliana na benki. Ndiyo maana Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi hufanya pia ukaguzi wa ufanisi, ambao huuliza kama fedha zilileta faida iliyokusudiwa. Lakini huo hauwezi kufika kila kijiji kila mwaka.

Na fedha siku hizi zafika kijijini. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipofika hadi kidato cha nne, ruzuku hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule. Kima kilichowekwa kwa mtoto wa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo 4,000 zilizuiwa juu kwa ajili ya vitabu. Basi shule ya watoto 500 ilipata 3,000,000 kwa mwaka, kama 250,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi, mitihani na ukarabati. Ni fedha chache, nazo zaandikwa na mwalimu mkuu ambaye chuoni alifundishwa kufundisha, hakufundishwa vocha.

Kisha mwaka 2021 ukaja mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na Serikali ikajenga madarasa 15,000 kwa muda mfupi sana: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, chumba kimoja cha sekondari kwa shilingi milioni 20. Mafundi wa mtaani walitumika badala ya makandarasi, na kila shule ikawa na kamati zake za ununuzi, ujenzi na mapokezi. Madarasa yalisimama, na watoto waliingia, hilo hatulipunguzi. Ila mwalimu wa jiografia alijikuta akipokea nondo asubuhi na kufundisha mchana.

Hapo yatupasa kusema kosa letu wenyewe. Hatutaitaja shule, maana aibu ni yetu. Tulitumwa kusaidia mapokezi. Lori lilifika magharibi, na upepo wa Dodoma mwaujua, vumbi jicho halifumbuki. Hati ya kupokelea ilisema mifuko 200. Tuliyoihesabu ilikuwa 178. Mleta mzigo akasema, "Tia sahihi, karani, hiyo mingine yaja kesho." Tukatia. Kesho haikuja.

Miezi ikapita, mkaguzi akaja. Hati ya kuagizia ilisema 200, ya kupokelea 200, ankara 200, malipo ya 200. Hakuandika hoja. Angeandika nini, na karatasi zote zasema neno moja? Sakafu ya chumba cha pili ilikuwa imeanza kumeguka, na watoto walikuwa wakichimbua vipande kwa vidole.

Mara ya pili tuliandika hesabu ile ile tuliyoiona. Malipo yakasimama karibu wiki mbili, mafundi wakanung'unika, na mkubwa mmoja akatuuliza kama twataka kukwamisha kazi ya Serikali. Hatusemi basi kwamba ni jambo jepesi. Karani mwenye mkataba wa muda, na watoto nyumbani, alifikiri sana kabla ya kuandika tarakimu hiyo. Lakini mifuko iliyopungua ililetwa.

Kwa hiyo twaleta ombi mbele ya chama. Wako kati yetu wanaojua kufunga leja na kulinganisha hesabu za benki. Walimu wakuu wa Bahi, Chamwino na hata Mpwapwa hufika mjini mara kwa mara kwa shughuli za benki. Tuwape saa mbili Jumamosi moja kila mwezi, bila malipo, tukianza na daftari la mapokezi: tarehe, kitu, kilichoandikwa, kilichohesabiwa, na sahihi za watu wawili walioona kwa macho. Karatasi ya kuandikisha majina iko kwa Bwana Katibu. Jina letu limo tayari, na nafasi ya chini yake bado ni tupu.