Setilaiti Iliyorushwa Ngomeni

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lenyewe, San Marco, lilikuwa la Waitalia. Mzigo ulikuwa setilaiti ya Marekani yenye uzito usiofika kilo 150, na Marjorie Townsend, mama aliyeusimamia mradi huo, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi mwenyeji.

Malindi haikuchaguliwa kwa bahati. Dunia inajizungusha, na maeneo yaliyo karibu na ikweta, kama Malindi, ndiyo yanayokwenda mbio kuliko mengine yote, takriban kilometa 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi inayoondokea hapo hupata msukumo huo bila kuchoma mafuta ya ziada, na mbele yake ni bahari tupu.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta eksirei angani. Eksirei ile ya hospitalini, inayopiga picha ya mfupa uliovunjika, ni mwanga kama mwanga mwingine, ila una nishati kubwa mno na jicho la binadamu haliuoni. Ile inayotoka kwenye nyota haifiki ardhini kabisa: angahewa huimeza yote, na ni heri kwa viumbe hai. Ndiyo maana mwaka 1962 mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake walilazimika kutumia roketi iliyochungulia anga kwa dakika chache kisha ikaanguka. Dakika hizo chache ziliwatosha kugundua Scorpius X-1, chanzo cha kwanza cha eksirei kujulikana nje ya mfumo wetu wa jua. Uhuru ilikaa juu zaidi ya miaka miwili, ikijizungusha polepole na kuipekua mbingu yote. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

Kimoja kati ya hivyo kiliwakosesha wataalamu usingizi. Kinaitwa Cygnus X-1, na eksirei yake ilikuwa ikipanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kama taa yenye waya uliolegea. Hapo hesabu yake ni rahisi, na mwanafunzi yeyote wa sekondari anaiweza. Mwanga husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde. Jua lina upana wa karibu kilometa milioni 1.4, kwa hiyo mwanga huchukua zaidi ya sekunde nne kulivuka. Kitu chenye ukubwa wa Jua hakiwezi kumetameta chote kwa pamoja kwa kasi ile. Kwa hiyo kilichokuwa kikimetameta kilikuwa kidogo sana.

Kidogo, lakini kizito kupindukia. Wanaastronomia waliokitafuta kwa darubini za kawaida walikuta mahali hapo nyota kubwa ya buluu inayozungukwa na kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kila siku tano na nusu hivi. Gesi inayonyonywa kutoka kwenye nyota hiyo hupata joto la mamilioni ya nyuzi kabla haijatumbukia, na joto hilo ndilo linalotoa eksirei. Vipimo vya karibuni vinakipa kitu hicho uzito wa Jua mara 21 hivi. Ni shimo jeusi, mahali ambapo mvutano ni mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika nane. Eksirei ya Cygnus X-1 imekuwa njiani miaka ipatayo 7,000.

Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002 kwa kufungua njia hii ya kuitazama mbingu. Inasikitisha kuwa mtoto wa Malindi anaweza kumaliza shule bila kusikia kwamba ushahidi mzito wa kwanza wa shimo jeusi ulikuja kupitia setilaiti iliyorushwa kutoka bahari ya kwao. Hadithi hii ina fizikia, jiografia na historia ya Pwani kwa pamoja, na nafasi yake ni darasani.

Tena kazi haikukoma. Roketi ya mwisho iliruka San Marco mwaka 1988, lakini antena za nchi kavu ziliendelea: setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004 kufuatilia milipuko ya mbali ya mionzi ya gama, imekuwa ikituma takwimu zake duniani kupitia kituo cha Malindi.