MWENDO WA MOTA NA ANAYEUGEUZA
(Maneno ya fundi wa stima mbele ya mkutano wa tawi)

Nimeombwa nieleze njia za kuongeza na kupunguza mwendo wa mota ya stima. Sitawachosha kwa hesabu nyingi.

Njia ya puli na mshipi mwaijua wote. Ni rahisi, lakini lazima mashine isimame kwanza.

Kisha kuna rezista. Katika mota za kreni zenye ringi na brashi, stima ya rota hupitishwa humo. Mwendo hupungua, lakini nguvu iliyozidi hugeuka kuwa moto tu. Kwa kuanza mzigo mzito ni njia nzuri. Kwa kwenda polepole kutwa nzima, ni kulipia stima ya kupasha hewa.

Mmarekani Harry Ward Leonard alionyesha njia nyingine mwaka 1891: mota huzungusha jenereta, na jenereta hulisha mota ya pili. Lifti na mashine za migodini ziliitumia miaka mingi. Mwendo wake ni laini sana, lakini ni mashine tatu kwa kazi ya moja!

Mota ya kawaida ya leo hufuata mapigo ya stima. Hapa Kenya ni 50 kwa sekunde. Kwa hiyo mota ya poli mbili hukaribia mizunguko 3,000 kwa dakika, ya poli nne 1,500. Fundi aweza kubadili poli kwa swichi, lakini mwendo wa katikati hapati. Hapo ndipo inverta iliposhinda. Hugeuza stima iwe ya upande mmoja, kisha transista huikatakata iwe na mapigo unayotaka. Kwa pampu na feni faida ni kubwa: mwendo ukishuka hadi asilimia 80, nguvu inayotakiwa hushuka hadi karibu nusu.

Sasa sikilizeni sana. Kapasita za inverta hushika stima hata baada ya swichi kuzimwa. Ngoja dakika zilizoandikwa sandukuni, kisha pima kwa mita kabla hujatia mkono. Kitufe cha kusimamisha hakitoshi. Swichi kuu izimwe na kutiwa kufuli. Tena mota ikienda polepole muda mrefu, feni yake haiipozi vizuri, na yaweza kuungua.

Kuna jambo jingine. Kiwandani nilipokuwa, zamani kuongeza mwendo kulikuwa kubadili puli, na kila mtu aliona. Ilipowekwa inverta, msimamizi aliongeza kidogo kidogo, nasi wiki mbili tukidhani tumechoka tu. Nilipotazama sandukuni, namba ilikuwa 56 badala ya 50. Mshahara haukuguswa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Wajumbe wetu humo waulize: nani ana ruhusa ya kugeuza mwendo? Mimi naomba namba hiyo iandikwe daftarini kila zamu, mahali anapoweza kuisoma yule anayeendesha mashine.