Video ya Harusi, Kutoka Simu Hadi DVD

Video za harusi ya binti yako zimejaa kwenye simu, na bibi kule kijijini ana deki ya DVD tu. Kabla hujatoa hela kununua programu ya kuhariri video, fahamu kwamba zipo za bure, tena halali. Shotcut na Kdenlive zinakata, zinaunganisha na kuweka muziki bila kubandika nembo juu ya picha. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure, ila inataka kompyuta yenye nguvu. Kwa kompyuta ya kawaida, mimi ningeanza na Shotcut.

Ukimaliza kuhariri, usinakili tu faili la MP4 kwenye diski ukadhani kazi imekwisha. Deki nyingi za zamani hazilisomi. Zinataka video ya MPEG-2, iliyopangwa ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Kazi hiyo hufanywa na DVDStyler, nayo ya bure: unaingiza video, unatengeneza menyu, unachagua PAL, mfumo wa televisheni za kwetu, kisha unachoma diski. Diski ya kawaida hubeba GB 4.7, yaani kama muda wa saa mbili za picha safi. Ukilazimisha saa nne, nyuso za maharusi zitajaa vimiraba.

Tafadhali, pakua programu kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Zile za kulipia zilizovunjwa kufuli, zinazouzwa mitaani kwa bei ya soda, mara nyingi huja na virusi. Na mafaili ya awali usiyafute. Diski za kuchoma nyumbani huchakaa.