Vyombo 18 na Sufuria Yenye Ukoko

Msikilizaji, kuosha vyombo ni kazi ambayo mara nyingi mikono huachiwa peke yake. Akili imeshatoka zamani: inamjibu jirani aliyechokoza asubuhi, inapiga hesabu ya kodi ya nyumba, au inasikiliza kipindi hiki.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, wakiongozwa na Adam Hanley, walichapisha jaribio lao kuhusu suala hilo. Wanafunzi 51 waliosha vyombo 18 kila mmoja. Kundi moja lilisoma maelekezo ya kawaida ya kuosha. La pili lilisoma maandishi yanayomtaka mwoshaji aipe kazi hiyo akili yake yote; nao wakazingatia uvuguvugu wa maji, harufu ya sabuni na mguso wa vyombo. Kundi hili la pili lilisema wahka umepungua kwa asilimia 27 na hamasa imepanda kwa asilimia 25. La kwanza halikubadilika.

Maandishi yaliyosomwa na kundi la pili ni ya Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022. Yeye hakujifunzia kuosha kwenye maabara. Alipokuwa mwanagenzi katika hekalu la Tu Hieu, mjini Hue, kulikuwa na msimu ambapo vijana wawili walipika na kuosha vyombo vya watawa ambao wakati mwingine walizidi 100. Sabuni hakuna. Walisugua kwa majivu, makapi ya mpunga na makumbi ya nazi, vitu ambavyo bibi wa Pemba au Lamu hahitaji kuelezwa.

Hapo ndipo penye neno. Vyombo vya Florida vilikuwa safi tangu mwanzo. Hapakuwa na sufuria yenye ukoko wa ugali, mtoto anayelia mgongoni, wala foleni ya bombani. Kumwambia dada wa kazi aliyeamka saa kumi alfajiri kwamba atulie asikilize maji ni kumwongezea kazi nyingine.

Ushauri huu uanze na wanaokula wakanawa wakaondoka: baba, vijana wa kiume, mgeni aliyemaliza wiki ya pili. Wakabidhiwe beseni jioni ya leo, simu ibaki chumbani, wausikie uvuguvugu wa maji na ugumu wa ukoko pia.

Na yule aoshaye kila siku, akikaa kitako robo saa nzima, wahka wake utapungua kwa asilimia ngapi? Florida hawakulipima hilo.